Elimu ya Daraja ya Juu na Wajibu wa Mwenye Kuitafuta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya, siku ya kuwaaga vijana wa Kudha waendao kusomea shahada ya pili)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Mashekhe wangu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu ambao mkutano huu umefanywa kwa ajili yenu:

Jumuiya iliponitaka niseme nanyi juu ya elimu ya Chuo Kikuu nalistaajabu, maana mimi Chuo Kikuu sikukisoma. Elimu yangu ni ya chuoni na ya msikitini, na shule ya msingi niliyoisoma kwa Kisomali, baada ya lugha hiyo kutiwa katika herufi za Kilatini mwaka 1972. Nikasema, "Mwamtaka mtu asiyevuka bahari awaeleze khabari za ng'ambo?" Mzee mmoja wetu akanijibu, "Khabari za ng'ambo watakwenda kuziona wenyewe. Sisi twataka uwaeleze jinsi chombo kinavyokwenda." Jawabu hiyo ilinishinda, nami nikakubali. Basi nitakayoyasema ni ya chombo. Ya ng'ambo mtatueleza nyinyi mrudipo, inshaallah.

Kwanza nataka tujiulize: kwa nini watu wachache kama sisi, wa visiwa vidogo hivi vya Kudha na Chula na Chovai na Koyama, washughulike na shahada ya pili na ya tatu? Wako wasemao kwamba kijana akishapata digrii ya kwanza yatosha. Atafute kazi, aoe, awasaidie wazee wake. Maneno haya yana haki ndani yake, na nitayarejea. Lakini hebu tutazame jambo moja.

Vitabu vilivyoandikwa juu yetu sisi Wabajuni vimeandikwa na nani? Mwaka 1955 Mtaliana aitwaye Vinigi Grottanelli alitoa kitabu kikubwa juu ya wavuvi wa pwani yetu. Mwaka 1969 Bwana Neville Chittick alichapisha khabari za magofu na makaburi ya pwani hii ya kusini ya Somalia. Lugha yetu ya Kibajuni ilikusanywa na kupangwa na Bwana Derek Nurse, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Memorial huko Canada. Wote hao twawashukuru, kwa maana walihifadhi mambo ambayo sisi hatukuyahifadhi. Silaumu mtu. Lakini mwenye nyumba akiwa hajui kueleza nyumba yake, mgeni ndiye atakayeieleza, na atakapokosea hapatakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Na jambo hili si la fahari tupu. Baada ya vita vya mwaka 1991 watu wetu walitawanyika; wengi walivuka kwa mashua wakaenda Lamu na Mombasa, na baadhi yao wakafika hata Uingereza kuomba hifadhi. Huko waliulizwa majina ya visiwa na mitaa na samaki, na maneno yao yakanaswa katika mashine ili wenye elimu ya lugha wapime kama kweli ni watu wa huku. Mtoto aliyelelewa ukimbizini, aliyekwisha changanya lugha ya mama yake na Kiswahili cha Mombasa, alikuwa katika hatari ya kuambiwa kwamba yeye si Mbajuni. Makazi ya mtu na usalama wake vikategemea elimu, na elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Lau tungalikuwa na wana wetu kumi tu wenye shahada za juu katika lugha, na sheria, na tarekhe, sauti yetu ingalisikika mezani pale. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kukubali kusimama hapa.

Sababu ya pili ni yangu mwenyewe, nami naona haya kuisema, lakini nitaisema kwa kuwa ina mafundisho. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa na daftari lake, ameandika ndani yake masuala ya fiqhi aliyoyapokea kwa masheikh zake, na pembeni ameandika khabari za nyota na pepo, na siku za kufunga na kufungua bahari. Aliniambia, "Mwanangu, linakili daftari hili, una mwandiko mzuri." Nikasema naam, kesho. Kesho ikawa mwezi, na mwezi ukawa mwaka. Tulipokimbia mwaka 1991, mashua ilijaa watu na bahari ikachafuka, tukaanza kutupa mizigo ili tupate kuokoka. Sanduku lililokuwa na daftari lile nalilitupa mimi kwa mikono yangu miwili. Kulitupa hakukuwa kosa, kwa sababu roho za watu ni bora kuliko karatasi. Kosa lilikuwa zile kesho zangu. Mwalimu wangu amekwisha kufa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nyingi katika khabari zile hapana azijuaye tena.

Basi wanangu, shikeni haya nitakayowaambia, maana yametoka kwa mtu aliyepoteza.

La kwanza: jueni tofauti ya elimu mliyoimaliza na elimu mnayoiendea. Katika shahada ya kwanza mwalimu alikuwa na jawabu, nanyi kazi yenu ilikuwa kuipata. Katika shahada ya pili, na khasa ya tatu, mwalimu hana jawabu. Naye aingoja kwenu. Huo ndio mpaka kati ya abiria na baharia. Mwajua jinsi mtoto wa kwetu anavyofunzwa chombo: huanza kwa kufua maji ngamani, kisha hupewa kamba, kisha tanga, na siku moja nahodha humwambia, "Shika usukani," naye akaenda akaketi. Siku hiyo mtoto hutetemeka. Nanyi mtatetemeka. Msidhani kuwa kutetemeka ni dalili ya ujinga. Ni dalili kwamba sasa chombo ni chenu.

Kwa hiyo msiende na jambo tu. Nendeni na suala. Kijana mmoja wetu alipata kuja kwangu, amepewa nafasi ya kusomea shahada ya pili, nikamuuliza, "Utaandika nini?" Akasema, "Nitaandika juu ya uvuvi." Nikamwambia, "Uvuvi ni bahari. Hapana mtu aliyeimaliza bahari. Wewe watafuta nini humo?" Tukakaa jioni tatu, hata akafika mahali pa kuuliza kwa nini wavuvi wa kijiji kimoja wanaacha nyavu za aina fulani, na wa kijiji cha pili hawaachi. Hilo sasa ni suala. Lina mwanzo na mwisho, na mtu aweza kulitimiza kwa miaka 2 aliyopewa.

La pili: andikeni kila siku, na kila neno mjue limetoka wapi. Wazee wetu walikuwa wakivua kasa kwa samaki chazo. Chazo hufungwa kamba mkiani, akatupwa majini, akaenda akamganda kasa, na mvuvi akavuta kamba. Nguvu ya uvuvi ule ilikuwa katika kamba. Chazo bila ya kamba humganda kasa vilevile, lakini mvuvi hapati kitu. Basi kusoma kwenu ni chazo, na kamba ni daftari. Msomapo kitabu, andikeni jina la mwandishi, na mwaka, na ukurasa, kabla hamjakifunga. Msiseme nitakumbuka. Mimi nalisema kesho, nanyi mmesikia yaliyonipata.

Na hili kwetu Waislamu si jambo geni. Wanavyuoni wa Hadithi hawakulikubali neno mpaka waulize: umelipokea kwa nani, naye kalipokea kwa nani? Imam Bukhari alitoka Bukhara akazunguka Hijazi na Iraki na Sham na Misri kwa ajili ya kuwakuta wapokezi wenyewe. Hiyo ndiyo isnadi, na jambo linalotakwa leo katika Vyuo Vikuu, la kumtaja kila mwenye neno lake, ni ndugu yake isnadi. Achukuaye maneno ya mtu akayaandika kama yake ni mwizi, hata kama hakuvunja kufuli la mtu. Siku hizi, tena, ziko programu za kompyuta ziwezazo kumwandikia mtu insha nzima kwa dakika moja. Kuuliza si haramu, na chombo cha kazi ni chombo cha kazi. Lakini anayepeleka kwa mwalimu wake maneno asiyoyafikiri, akasema haya ni yangu, amesema uwongo, naye mwenyewe amebaki mtupu. Siku atakayosimama mbele ya wakubwa kuulizwa juu ya kitabu chake, mashine haitasimama pamoja naye.

La tatu: jueni kuishi na mwalimu wenu msimamizi. Tazameni mwendo wa Imam Shafi, ambaye sisi sote hapa tunafuata madhehebu yake. Alikwenda Madina kwa Imam Malik naye amekwisha kuihifadhi Muwatta kwa moyo. Hakwenda mikono mitupu. Akamtumikia kwa adabu. Kisha akaenda Iraki akasoma kwa Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, akajadiliana naye. Na baadaye akakhitalifiana na mwalimu wake Malik katika masuala mengi, wala heshima yake kwake haikupungua. Humo mna mafundisho mawili. Mwendeeni mwalimu nanyi mmekwisha soma, ili wakati wake msiupoteze. Na mkiona amekosea, semeni kwa dalili na kwa adabu. Mwalimu wa kweli hufurahi. Akikaa kimya muda mrefu, mwandikieni barua fupi ya heshima, mkamtajia mliyoyafanya na mnalolitaka. Wengi katika vijana wetu huona haya kuuliza, wakapotea mwaka mzima. Haya ni sehemu ya imani, lakini si haya hiyo.

La nne: kubalini kurekebishwa. Imam Shafi huyohuyo alikuwa na kauli zake za Iraki, nazo huitwa kauli za kale; alipofika Misri akazitazama upya, akaziacha nyingi, akaandika kauli mpya. Mtu wa daraja yake hakuona aibu kuandika mara ya pili. Basi wewe sura yako ya kwanza ikirejeshwa imejaa wino mwekundu, usilie wala usisusie. Chombo kikikabiliwa na pepo ya mbele hakirudi nyuma. Hubisha, kikaenda upande huu na upande huu, na kila akibisha nahodha amesogea.

La tano: msiridhike na cheo, wala msikate tamaa kwa kushindwa. Hapa nitawapa watu wawili.

Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeyt alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Katika ujana wake alikuwa nahodha na mfanyi biashara, mtu wa bahari kama sisi. Akasoma, na katika zama za Sayyid Barghash akapewa ukadhi Unguja naye angali kijana. Watu wangapi wangalisema hapa ndipo mwisho? Yeye katika miaka hiyo ya 1880 aliuacha ukadhi akasafiri hata Istanbul, kisha Misri na Makka, akizidi kusoma, ndipo akarejea Unguja. Alipokufa mwaka 1925 alikuwa mwalimu wa walimu wa pwani yote. Katika waliosoma kwake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947. Angalieni: mwanachuoni huyu hakutosheka na kujua, alijifunza kuandika kwa lugha ya watu, kuchapisha, na kuwafikishia wasomaji. Huo ndio ufundi wa kazi, juu ya elimu.

Wa pili ni mwanawe, Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933. Huyu alipofanya mtihani wa Cambridge akiwa kijana alipata daraja ya tatu, na nafasi ya kwenda Makerere hakuipata. Akawa karani katika Chuo cha Elimu ya Waislamu, Mombasa. Hakukaa akalia. Alisoma, akajizoeza kuandika na kuhutubia, na mwaka 1955 akapata kwenda Uingereza. Akapata digrii yake Manchester mwaka 1960, shahada ya pili Columbia, New York, mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere ileile aliyoikosa utotoni ndiyo aliyoifundisha tangu 1963 hata 1973, akawa Profesa na mkuu wa idara. Alikufa Marekani mwaka 2014, akaletwa akazikwa kwao Mombasa. Mtihani mmoja ulisema neno lake, na juhudi ya miaka ikasema neno lingine.

La sita: juu ya shahada jifunzeni na kazi. Mwenye jahazi hampi mtu chombo kwa sababu ya karatasi tu. Atataka kujua kama aweza kukileta salama. Jifunzeni kuhesabu na kutunza fedha mlizopewa kwa utafiti, mkatoa hesabu hata ya senti moja. Jifunzeni kusimama mbele ya watu mkaeleza kazi yenu kwa dakika kumi, bila ya kusoma karatasi. Jifunzeni kufundisha walio chini yenu, kwani mtu hajui kweli mpaka afundishe. Jifunzeni kuandika barua ya kazi iliyo wazi, na kutimiza ahadi kwa siku yake. Na lugha zenu msizidharau. Mtoto wa Kudha husema Kibajuni nyumbani, husoma Kisomali shuleni, Kiarabu chuoni, na Kiingereza katika Chuo Kikuu. Wengine huona huo ni mzigo. Mimi nasema ni mtaji, maana mna milango minne ambapo wenzenu wengi wana mmoja.

La saba: mrudipo kuwauliza wazee, mwarudi kama wanafunzi, si kama maaskari wa forodha. Ombeni rukhsa. Mwelezeni mzee mtayafanyia nini maneno yake. Akisema jambo hili lisiandikwe, lisiandikwe. Hiyo ni amana. Na kazi ikimalizika, mletee.

Sasa nageuka kwenu, wazee wenzangu na ndugu zangu, maana mnasaha wa upande mmoja haujatimia.

Nalisema nitayarejea maneno ya wasemao kijana awasaidie wazee wake. Ni kweli, na haki ya wazazi ni kubwa. Lakini twawatuma vijana kusoma, kisha kila arusi, na kila maziko, na kila deni, twawapigia simu watume fedha. Na fedha yenyewe ni ya karo. Kisha akianguka twasema, "Hakuwa na akili." Tumpeni miaka yake 2. Mvuvi havuti wavu kabla ya wakati.

Na mabinti zetu tuwaachie nafasi vilevile. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kumuuliza, naye alikuwa akiwasahihisha. Katika vijana tunaowaaga leo wamo mabinti, nami natumai mwaka ujao watazidi.

Mwisho nina shauri moja kwa Jumuiya. Kila mwana wetu atakayepata shahada ya juu, nakala moja ya kitabu chake iwekwe katika sanduku la Jumuiya, na yeye mwenyewe aje atusomee muhtasari wake kwa lugha yetu, ili mama aliyeuza dhahabu yake ajue imenunua nini. Na katika muda huu wa kungoja, nyinyi wenye simu za mkononi, kila mmoja akae na mzee mmoja, anase sauti yake, ayaandike: majina ya nyota, na samaki, na miamba, na nasaba za watu waliozikwa visiwani. Msiseme kesho. Wazee waliobaki ni wachache, nasi twawahesabu.

Wanangu, nendeni kwa salama. Mtakapochoka, na mtachoka, kumbukeni kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, neno la kwanza aliloteremshiwa lilikuwa amri ya kusoma, na kwamba juu ya daraja yake yote aliamrishwa aombe kuzidishiwa elimu. Ikiwa yeye aliombeshwa nyongeza, sisi ni nani tuseme yametosha?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie, awape elimu yenye manufaa, awakinge na kiburi cha elimu na unyonge wa ujinga, awarejeshe kwetu mkiwa wazima, na awarehemu walimu wetu waliotangulia, na asamehe uzembe wetu katika yale tuliyoyapoteza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.